Bendera Zilizopita Mombo

Mwulize mtoto wa darasa la tatu katika shule yoyote ya msingi iliyoko kando ya barabara ya Mombo maana ya rangi za bendera ya Taifa, naye atajibu kwa pumzi moja: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, na bluu ni bahari, maziwa na mito. Jibu ni sahihi, na walimu waliomfundisha wanastahili sifa. Lakini aghalabu somo huishia hapo. Mtoto huyo hajui kwa nini mistari ya bendera yake imelala mshazari ilhali bendera nyingi za dunia mistari yake ni ya kulala au ya kusimama. Wala hajui kwamba mtu aliyezaliwa Mazinde, jirani na Mombo, katika miaka ya 1880, na akajaliwa kuishi mpaka mwaka 1964, alizikuta bendera zisizopungua tano zikidai utii wa watu wa nchi hii, na kwamba mojawapo ilipopandishwa huko Pangani ilileta vita.

Mombo ni mahali pa kupita. Mlima wa Usambara unasimama nyuma yake kama ukuta, na mbele yake uko uwanda wa mkonge na bonde la mto Pangani. Anayekwenda Soni na Lushoto huiacha barabara kuu hapo na kuanza kupanda. Kabla ya barabara ilikuwapo reli iliyojengwa kutoka Tanga, ambayo ilifika Mombo mwaka 1905. Na kabla ya reli ilikuwapo njia ya misafara, iliyotoka Pangani na kuufuata mguu wa mlima kwenda Upare, Uchaga na Umasaini. Basi kila aliyetaka kuitawala nchi ya kaskazini mashariki alilazimika kupita hapo, na aghalabu alipita na kitambaa juu ya mti.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa chekundu kitupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa bendera ya Masultani wa Unguja, isiyo na nyota, mwezi wala maandishi, nayo ilikuwa ikibebwa na kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara. Haikuhitaji maelezo. Kila aliyeiona alijua kwamba nyuma yake zinakuja nguo, shanga, baruti na bunduki, na kwamba ikirudi itafuatwa na pembe za ndovu na, kwa miaka mingi, na watumwa. Semboja, mwana wa Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Vugha, aliitambua vema nguvu ya njia hiyo. Baada ya baba yake kufariki mwaka 1862 hakuitegemea heshima ya mlimani peke yake. Aliweka makao yake chini, Mazinde, njiani hasa, akajipatia bunduki kwa biashara, na utawala wa Kilindi haukurudi tena kama ulivyokuwa. Bendera nyekundu haikuutawala Usambara kwa amri. Ilibadilisha tu mahali nguvu ilipokaa.

Bendera ya pili ndiyo ya ajabu kupita zote, na ndiyo inayostahili kufundishwa kwa kirefu. Haikuwa ya dola. Ilikuwa ya kampuni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na hati ya ulinzi ya Kaisari tangu mwaka 1885, ilijitengenezea bendera nyeupe yenye msalaba mweusi, na katika pembe ya juu karibu na mlingoti kipande chekundu chenye nyota tano nyeupe zilizopangwa kama zile nyota za kusini zinazofanya umbo la msalaba angani. Waliochora walikuwa na maana zao: rangi ni zile za dola yao, na nyota ni za anga la nusu ya kusini ya dunia, kwa ishara kwamba sasa wana mali huko. Mtu akiitazama picha yake leo atasema ni bendera nzuri.

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia sahihi mkataba wa kuikodisha Kampuni hiyo pwani ya Mrima. Kwa maandishi ya mkataba huo, Kampuni ingetawala na kutoza ushuru kwa jina la Sultani na chini ya bendera ya Sultani. Ilipofika tarehe 16 Agosti mwaka huo, siku ya kukabidhiana, wakala wa Kampuni huko Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni nayo ipandishwe. Liwali alikataa. Wakashushwa askari wa manowari ya Kijerumani, na bendera ya Sultani ikateremshwa kwa nguvu. Wiki chache baadaye mawakala wa Kampuni walikuwa wamefungiwa ndani ya nyumba yao, na watu wa mji pamoja na watu wa mashamba wakawa wamejitia mikononi mwa Bushiri bin Salim. Vita ikaenea pwani nzima, na haikuzimwa mpaka serikali ya Ujerumani yenyewe ilipoleta jeshi chini ya Wissmann. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Wako wanaosimulia mambo haya kana kwamba watu wa Pangani walikasirishwa na kitambaa. Hayo ni kuwadharau. Sultani mwenyewe hakuwa kipenzi cha kila mtu katika mwambao ule, na wengi walikuwa wamekwisha kuchoka na ushuru wake. Walichokielewa siku ile, pengine kuliko wanasheria waliouandika mkataba, ni kwamba bendera juu ya ofisi ni tangazo la nani mwenye ofisi. Ikiwa mlingoti ni wa Kampuni, basi ushuru ni wa Kampuni, shamba litaandikishwa kwa Kampuni, na mwananchi atakayeonewa hana pa kushitaki ila kwa yule yule aliyemwonea. Hakuna aliyekuja kuwauliza. Zelewski huyo huyo, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aliongoza msafara wa kijeshi kwenda Uhehe miaka mitatu baadaye, naye akauawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na majeshi ya Mkwawa. Jina hilo la Nyundo laeleza zaidi juu ya utawala ule kuliko nyota tano.

Tangu tarehe 1 Januari 1891 dola la Ujerumani liliichukua nchi kutoka kwa Kampuni, na bendera ya weusi, weupe na wekundu ikapanda. Kileleni Kibo ilikwisha kutangulia: Hans Meyer, ambaye mwaka 1888 alizunguka Usambara na kukamatwa na watu wa Bushiri alipokuwa akirejea pwani, alirudi mwaka uliofuata, akafika juu tarehe 6 Oktoba 1889, akasimika bendera hiyo na kukiita kilele kwa jina la Kaisari wake. Huku chini Wajerumani walifanya kituo Mazinde, pale pale alipokuwa Semboja. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo mwanawe Mputa, mtawala wa Vugha, akanyongwa na Wajerumani. Lushoto ikapewa jina la Wilhelmstal. Mlima na mji wakapachikwa jina la mtu mmoja ambaye hakupata kuuona hata mmojawapo.

Kuna kichekesho kidogo katika habari za bendera hiyo. Mwaka 1914 Wilhelm Solf, aliyekuwa mkuu wa mambo ya makoloni huko Berlin, aliagiza kila koloni lichorewe alama yake. Afrika Mashariki ilichorewa kichwa cha simba. Vita Kuu ikazuka, na bendera hiyo haikupandishwa popote. Lakini huko Vugha, kwa vizazi vingi, mfalme wa Washambaa alikuwa akiitwa Simba Mwene, kutokana na habari za Mbegha mwindaji aliyemwua simba kabla ya kupewa nchi. Maofisa waliokuwa wamemnyonga mmoja wa wana wa ukoo huo wakakaa mezani kutafuta alama ya nchi, wakadhani simba ni wazo lao.

Waingereza waliofika Mombo katikati ya mwaka 1916 waliacha simba, wakachagua twiga. Kwa miaka yote ya utawala wao alama ya Tanganyika ilikuwa kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe, kwenye kitambaa chekundu chenye bendera ya Uingereza pembeni. Twiga ni mnyama mwema na hadi leo watu wa nchi hii wanamwonea fahari. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba katika alama zote hizo tatu, nyota, simba na twiga, hakuna mtu. Nchi ilichorwa kama mbuga yenye mali, isiyo na wenyewe.

Na kazi zilizofanywa chini ya alama hizo zilifuata mtindo huo huo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Jambo lenyewe halikuwa baya. Udongo wa milimani ulikuwa unachukuliwa na mvua, na kila mkulima aliliona hilo katika shamba lake. Lakini matuta yaliamriwa kwa sheria ndogo, yakasimamiwa kwa faini na mahakama, na wanawake ambao ndio walioshika jembe kwa siku nyingi zaidi hawakuulizwa lolote kuhusu kazi itakayowaangukia. Washambaa walikataa. Kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umekwisha kuachwa, na TANU ilikuwa imepata wanachama wengi kwa sababu yake. Ofisa wa leo anayekwenda kijijini na agizo zuri la hifadhi ya vyanzo vya maji, akalisoma, akaondoka, angefanya vema kuwauliza wazee wa Mlalo jinsi agizo zuri linavyoweza kukataliwa.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoundwa, bendera yake ilikuwa ya kijani, nyeusi na kijani. Kwa mara ya kwanza rangi moja ilikuwa ni ya watu. Bendera ya Tanganyika huru ilitokana na hiyo, kwa kuongezwa mistari miembamba ya njano kati ya kijani na nyeusi. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliisimika juu ya Kilimanjaro pamoja na Mwenge, katika mlima ule ule ambao Meyer alikuwa amesimika yake miaka sabini na miwili nyuma.

Rangi nyeusi inahitaji kuelezwa kwa uangalifu darasani, kwa kuwa yaweza kueleweka vibaya. Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya bendera hiyo kupanda, Bunge lilijadili sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alipinga kwa ukali usio wa kawaida, akasema kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Sheria ilipita kama serikali ilivyotaka. Kwa hiyo watu wanaoitwa kwa rangi nyeusi katika bendera ni raia wote wa nchi hii, akiwemo Mhindi mwenye duka hapo Mombo ambaye babu yake alizikwa Tanga. Mwalimu anayefundisha rangi bila kufundisha mjadala ule anaacha nusu ya maana nje ya mlango.

Huko Unguja nako bendera zilikuwa zinabadilika upesi. Tarehe 10 Desemba 1963 kitambaa chekundu cha Sultani kilitiwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Ilikuwa ni bendera ya pekee duniani kuonyesha zao hilo, nayo ilidumu mwezi mmoja tu, kwani Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa. Karafuu haikuwa na kosa. Wachumaji wake ndio waliokuwa hawana sehemu katika duara lile. Baada ya Mapinduzi ikaja bendera ya bluu, nyeusi na kijani, kwa rangi za Afro-Shirazi Party.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mtoto wa darasa la tatu haulizwi. Nchi mbili zimeungana tarehe 26 Aprili 1964. Kila moja ina bendera ya mistari ya kulala. Zote zina kijani na nyeusi. Tanganyika ina njano ambayo Zanzibar haina, na Zanzibar ina bluu ambayo Tanganyika haina. Zipangwe vipi? Mistari ikilazwa, lazima mmoja uwe juu na mwingine chini, na katika nchi mbili zisizolingana kwa ukubwa hilo si jambo dogo. Bendera iliyokubaliwa tarehe 30 Juni 1964 iliugeuza mkanda mweusi ukapanda kutoka pembe ya chini penye mlingoti mpaka pembe ya juu ya upande wa pili, umepakana na njano pande zote mbili, kijani kikawa upande mmoja na bluu upande mwingine, kila kimoja kikiwa na pembetatu iliyo sawa na ya mwenzake. Watu wakawekwa katikati, wakigusa ardhi kwa upande huu na bahari kwa upande ule. Jina la Tanzania lilikuwa bado halijapatikana. Lilitangazwa tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Bendera imelitangulia jina la nchi kwa miezi minne.

Mistari ya mshazari si ya Tanzania peke yake. Kongo-Brazzaville iliitangulia, Namibia iliifuata mwaka 1990, na bendera ya sasa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanza mwaka 2006, nayo ina mshazari. Lakini hapa mshazari ulitumika kumaliza swali la heshima kati ya nchi mbili. Na swali hilo halikuisha siku moja: mwezi wa Januari 2005 Zanzibar ilianza kupandisha bendera yake yenyewe ya bluu, nyeusi na kijani, na katika pembe yake ya juu imewekwa bendera ya Muungano. Anayetaka kuelewa Muungano anaweza kuanza kwa kuitazama pembe ile.

Yapo mataifa jirani yaliyopata taabu kwa kusahau kwamba bendera ya Taifa si mali ya walioshinda uchaguzi. Uganda ilikuwa imekwisha kuchorewa bendera yenye rangi za chama cha DP. Chama cha UPC kiliposhinda mwezi wa Aprili 1962, ikachorwa nyingine kwa rangi za UPC, na korongo peke yake ndiye aliyevuka salama. Malawi ilibadilisha jua lake linalochomoza likawa jua kamili mwaka 2010, kwa madai kwamba nchi imekwisha kuendelea, na mwaka 2012 likarudishwa kama lilivyokuwa. Msumbiji yenyewe imebaki na bunduki, jembe na kitabu tangu mwaka 1983, na kila mara huzuka watu wa kutaka bunduki iondolewe na wengine wa kusema kwamba bila hiyo wasingekuwa na kitabu.

Tangu vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, katika kila stendi na kijiwe pana milingoti ya vyama, na si vibaya. Kilicho kibaya ni mtumishi wa umma kumpokea mwananchi kwa kutazama kwanza anatoka katika mlingoti upi. Chama tawala kina bendera yake ya kijani yenye jembe na nyundo, na kina haki ya kuipandisha juu ya ofisi zake. Juu ya zahanati, shule, kituo cha polisi na ofisi ya mtendaji wa kata inapanda bendera moja tu, na chini ya hiyo mgonjwa, mzazi na mlalamikaji hawana kadi.

Inasikitisha kuona katika baadhi ya ofisi bendera iliyopauka hata bluu na kijani hazitofautiani, pindo limechanika, na imeachwa juu usiku na mvua. Wakuu wa ofisi husema hakuna fungu. Fungu la chai ya wageni huwa lipo. Lakini bendera mpya juu ya mlango ambao mjane amekaa mbele yake tangu saa mbili asubuhi, akiambiwa mhusika ametoka, ni jambo baya kuliko hilo la kuchanika. Watu wa Pangani mwaka 1888 walisoma mlingoti na kujua ofisi ni ya nani. Mjane huyo naye anasoma.

Kwa upande wa shule, somo lenyewe halihitaji kitabu kipya. Walimu wa Mombo na wa tarafa za jirani wanayo Mazinde karibu nao, alipokaa Semboja na kisha Wajerumani; wanayo Vugha juu mlimani, alipokaa Simba Mwene; wanayo stesheni ya reli, ambapo bendera nyekundu na ya kijani ziliwahi kuwa lugha iliyoeleweka na kila mpakia mizigo. Wakati wa paredi ya asubuhi, baada ya Wimbo wa Taifa, mwalimu mmoja aweza kutumia dakika kumi kueleza tarehe 16 Agosti au 30 Juni siku hizo zinapoangukia siku za masomo. Na wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kupelekwa Mazinde na kurudi kabla ya chakula cha mchana, kwa gharama ya nauli.